Akinya Bata: Maneno ya Fundi wa Mapaa kwa Watu wa Katwe, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji (LC I), wazee wetu, masheikh na wachungaji, walimu, akina mama wa samaki, ndugu zangu wachimba chumvi, na nyinyi askari wa wanyama mliojibanza pale nyuma kama kwamba jambo hili haliwahusu: hamjambo? Asanteni. Nimeambiwa niseme Kiswahili, kwa sababu hapa tumekaa Mkonjo, Munyankole, Mganda, Mkongomani na Mnubi mmoja ninayemwona mbele, na hakuna lugha nyingine itakayotutosha sote. Wazee wengine bado wanakisikia Kiswahili wakakumbuka wanajeshi na vizuizi vya barabarani. Leo ni Kiswahili cha raia, msiogope.

Mwenyekiti kwenye barua yake aliandika nije nizungumzie “uchafu wa wanyama pori katika makazi”. Mimi ni fundi wa mapaa, sijui kuzunguka hivyo. Nimekuja kuzungumza habari ya mavi. Haya, watoto chekeni, mkimaliza tuendelee.

Kiswahili kina methali yake juu ya jambo hili: kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Asubuhi hii, kabla ya kikao, nilizunguka mitaa miwili hapa nyuma. Nimeona mavi ya mbuzi mlangoni, ya mbwa njiani, ya kuku juu ya jiwe ambalo mtu anasimama kuoga. Hakuna aliyeniita kwa hayo. Nimeitwa na mama mmoja, ananishika mkono, ananionyesha rundo dogo kando ya choo, limejaa mbegu za mapapai na magamba ya jongoo. “Fundi, angalia! Fungo!” Nikamwambia, mama, fungo huyu amenya mahali pamoja, pembeni, kwa adabu. Mbuzi wako amenya ndani ya sufuria.

Mnisikie vizuri, sisemi tuvumilie. Ninasema tusome kwanza. Hakuna mnyama anayetoka porini kuja kunya kwako kwa chuki. Alikuja kula, au analala kwako, au nyumba yako imekaa kwenye njia yake. Mavi ni risiti tu. Mtu mwenye busara akiokota risiti haichani, anaisoma: huyu kanunua nini, na kanunua duka gani? Rundo lile la fungo linasema mapapai yanaanguka yanaozea chini ya mti. Okota mapapai jioni, fungo atapunguza ziara. Jongoo mwachie, hakuna binadamu hapa anayewataka. Mimi kwangu nilifanya hivi: rundo nililichukua kwa koleo nikalipeleka nyuma kabisa ya kiwanja, pale mahali pa kwanza nikapapiga maji na sabuni. Fungo hupenda kurudia choo chake. Baada ya siku chache akakubali choo kipya. Tunaishi hivyo hadi leo, hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Sasa nije kwenye kazi yangu, popo.

Nyumba nyingi za bati hapa zina popo, na wengi wenu mnajua kwa harufu kabla ya kujua kwa macho. Lakini kabla ya kuniita, hakikisha ni popo. Chukua kijiti, usitumie kidole, ponda kile kidonge kilichoanguka. Kikivunjika kikawa unga wenye vipande vinavyong'aa, hayo ni mabawa ya wadudu, ni popo. Kikiwa kigumu kama mbegu, ni panya. Kikiwa na ncha nyeupe, ni mjusi, nenda kalale. Na kama ni panya, ujue kwamba waliojenga nyumba zamani walimfahamu kabla yako. Lile gogo linalokaa juu ya ukuta, ambalo kenchi zinalala juu yake, jina lake la Kiswahili ni mtambaapanya. Fundi aliyelipa jina hilo alikwisha kata tamaa.

Nitawaambia kosa langu. Nilipokuwa bado kijana wa ngazi, niliitwa kwenye kanisa moja, sitalitaja. Popo wamejaa, waumini wanadondokewa wakati wa sala. Nikafika saa kumi alasiri, nimejaa ujuzi. Nikapanda na saruji, matambara na misumari, nikaziba kila tundu mpaka magharibi. Nikalipwa, nikasifiwa, nikaenda zangu. Jumapili iliyofuata funza walikuwa wanadondoka juu ya vitabu vya nyimbo. Nilikuwa nimewafungia ndani, mama na watoto, wote wakafa juu ya dari. Nilirudi nikafungua, nikatoa madebe. Harufu ile mimi niliibeba kwenye nguo, na mke wangu alinilaza nje siku mbili. Hata mtu asiyemhurumia popo hata chembe, hesabu ile inamshinda: popo uliyemfungia ndani hajatoka. Amehamia moja kwa moja.

Kwa hiyo njia ni hii, na haihitaji dawa. Weka kiti nje ya nyumba jioni, saa moja kasoro robo hivi, jua likizama. Kaa upande mmoja leo, kesho upande wa pili. Tazama wanatokea wapi. Tundu la kidole gumba linawatosha popo hawa wadogo, na mara nyingi utakuta ukingo wa tundu umepakwa rangi ya kahawia, mafuta ya miili yao. Tia alama kwa mkaa. Mara nyingi ni chini ya kofia ya paa, au kwenye pindo za bati pale fundi, pengine ni mimi, alipokuwa mvivu wa kuziba. Matundu wasiyoyatumia ziba sasa. Yale wanayotumia, yaning'inizie wavu mwepesi, ule wa matundu madogo madogo, upigilie juu na ubavuni, chini uuache wazi, ushuke nusu mita chini ya tundu. Popo akitoka atatambaa chini ya wavu na kuruka. Akirudi alfajiri atalifuata tundu lenyewe kwa kulizoea, atakuta wavu, atazunguka, atakwenda kutafuta nyumba nyingine. Hana akili ya kuingilia chini. Acha wavu wiki nzima. Kaa tena na kiti chako jioni mbili. Asipotoka yeyote, ondoa wavu na uzibe tundu kwa saruji au kwa waya na silikoni. Kwisha.

Lakini usifanye hivyo wakati kuna watoto wasioruka. Popo wengi hulenga kuzaa majira ya mvua, wadudu wakiwa tele, na sisi hapa tunajua mvua zetu: Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Ukisikia mchana vilio vyembamba juu ya dari, ngoja. Ngoja wiki sita, ngoja nane. Najua harufu inaudhi. Funza wanaudhi zaidi, mniulize mimi.

Ukishawatoa, kusafisha. Hapa ndipo watu wanajiumiza kweli. Usipande na ufagio mkavu. Kinyesi cha popo kilichokauka kinaweza kuota kuvu, na vumbi lake likiingia kifuani linaleta ugonjwa wa mapafu. Funga pua na mdomo kwa barakoa nzuri, vaa glavu, nyunyizia maji yenye klorini mpaka kilowe, ndipo ukikusanye kwenye gunia. Kama ni kingi, kipeleke shambani ukifukie, ni mbolea kali. Na popo aliyeanguka chini mchana usimshike kwa mkono mtupu, wala mtoto asimchezee. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Najua kuna mtu hapa, huwa hakosi, anasema moyoni: fundi anatuchosha, si tuwaue wote? Tuwapige moshi, tumalize.

Huyo nimsimulie habari ya Kitaka. Wengi mnaikumbuka. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, upande wa Kamwenge, walishikwa na homa ya Marburg. Wataalamu walipopima waligundua virusi vile vinaishi ndani ya popo wa matunda wa Misri, wale wakubwa wanaolala mapangoni na migodini. Hao si hawa wa kwenye mabati yenu, naomba msichanganye. Ng'ambo ya mfereji wetu wa Kazinga, kwenye msitu wa Maramagambo, kuna pango la chatu lenye popo haohao. Mtalii Mholanzi aliingia humo mwaka 2008, akarudi kwao, akafa kwa Marburg. Tangu hapo watu huonyeshwa pango lile kwa mbali.

Kule Kitaka watu wakaamua kumaliza. Mwaka 2008 wakawaua popo, wakaziba midomo ya mgodi, maelfu kwa maelfu wakafa. Ungedhani hadithi imeisha. Mwaka 2012 wataalamu waliporudi walikuta popo wamehamia tena, wachache tu, sehemu ndogo sana ya wale wa zamani. Wakawapima. Hapo kabla, kati ya kila popo 100, kama 5 ndio walikuwa na virusi. Wapya hawa ilikuwa 13. Na mwaka huohuo wa 2012 Marburg ikalipuka tena Ibanda, si mbali na mgodi ule. Wanaeleza kwamba ukiua kundi zima, waliozoea ugonjwa wanaondoka, na nafasi yao inajazwa na wageni, vijana wasio na kinga, na virusi vinakimbia ndani yao kama moto kwenye nyasi kavu.

Mimi si daktari. Lakini kama fundi niliposikia habari ile niliielewa mara moja. Waliua wapangaji, mlango wakauacha na ufa. Nyumba tupu yenye ufa haikai bila mpangaji. Hapo methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inakuwa hesabu ya saruji tu: kilo mbili leo, au mfuko mzima keshokutwa.

Nimewatumia muda mwingi kwa popo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Wengine nitawapita haraka, ila mmoja siwezi kumpita haraka. Kwa kweli hakuna anayeweza kumpita haraka.

Kiboko. Sisi wa Katwe, na ndugu zetu wa Kazinga, Hamukungu, Kahendero, Katunguru, tunaishi ndani ya hifadhi. Hifadhi ya Queen Elizabeth ilitangazwa mwaka 1952 ikituzunguka pande zote, na kiboko hakupewa barua. Usiku anatoka majini, anakula nyasi hadi kilo 40, na anarudi kwa njia ileile kabla ya kupambazuka. Ile tope anayorusha kwa mkia kwenye ukuta wako, akiupiga mkia kama mama anayepepeta, ni alama zake za njia. Ukiamka ukakuta ukuta umepakwa, usiulize kiboko amekosa nini. Uliza nani alikuuzia kiwanja kwenye njia.

Sasa, nini cha kufanya? Kwanza, zile nyasi fupi nzuri za uani, mlizoiga kwenye mahoteli, kiboko anaziona kama meza iliyoandaliwa. Upande wa ziwani acha udongo, au panda kitu chenye miiba. Pili, kiboko ana miguu mifupi na tumbo kubwa, haruki. Ukuta wa mawe unaofika kiunoni unamgeuza njia. Mawe hapa tunayo, bonde lote hili ni volkano. Lakini msizibe njia nzima ya kwenda majini, mkifanya hivyo atavunja mlango wa mtu. Mwachieni mapito. Na tatu, ambalo si la mavi tena ila ni la roho: usiku usisimame kati ya kiboko na maji, hata kama unataka tu kumfukuza kwa tochi. Watoto wawekeeni ndoo ya usiku ndani. Choo cha nje saa tisa za usiku kimeshatuzika watu.

Habari za ndovu, hawa askari watawaeleza vizuri kuliko mimi, wao ndio waliochimba mitaro. Ila nimependa kitu kimoja: wanachukua mavi yaleyale ya ndovu, wanasaga pilipili kali ndani yake, wanafyatua matofali, wanayakausha na kuyachoma polepole pembeni ya shamba. Moshi ule ndovu haupendi hata kidogo. Kuna watu wana akili, jamani.

Kaloli, wale korongo wakubwa wanaosimama mwaloni kama mahakimu, na miguu yao myeupe wanayoinyea wenyewe ili wapoe, wamefuata utumbo wa samaki. Akina mama, naomba msikasirike. Shimo lenye kifuniko, utumbo unaingia humo kabla ya saa sita mchana, kila siku, pamoja na Jumapili. Makopo ya kung'aa yaliyotundikwa kwenye kamba yanawatisha siku nne, ya tano wanayakalia. Tumbili vilevile: bila ndizi dirishani hakuna tumbili dirishani. Nguchiro wa Mweya watafiti wanawafuatilia tangu 1995, na hata mimi nisiye mtafiti nimewaona wakijipanga kwenye jalala kuliko porini. Jalala lifunikwe.

Na nyinyi mnaokinga maji ya mvua: matawi yaliyolalia bati yakateni, maana hayo ni daraja la tumbili na kitanda cha ndege. Gata iwekeni wavu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi geuzeni bomba, maji yale yamwagike nje, ndipo muanze kukinga. Bati limekaa miezi likinyewa, na maji ya kwanza ndiyo yanayoliogesha.

Nimeona mkono. Ndiyo, mzee? … Mzee anauliza oili chafu ya gari, na vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo, kama vinafukuza wanyama. Mzee, nitakujibu kwa heshima. Oili inanuka kwako zaidi kuliko kwa mnyama, na mvua ikija inashuka ziwani tunakochota. Vidonge vile ni sumu. Popo akikereka anahamia upande wa pili wa dari, wewe unabaki unavuta hewa ile usiku kucha na wajukuu. Nimewahi kupandishwa dari lenye vidonge mia hivi, na popo walikuwa wamelala katikati yake kama watoto kwenye shanga.

Na sumu yenyewe, ile ya kupaka kwenye nyama, hapa nitasema polepole. Mtu anakuta mavi meupe kama chokaa nyuma ya zizi. Ni fisi, weupe ule ni mifupa aliyotafuna. Akisoma risiti vizuri atajiuliza, mifupa hiyo kaipata wapi kama si kwangu, sikufukia ng'ombe aliyekufa? Lakini hasomi. Ananunua sumu ya wadudu wa shamba, anaimwaga kwenye mzoga. Aprili 2018 kule Hamukungu, simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu, 8 kati yao watoto. Sumu haichagui. Ukimwekea fisi, simba naye anaila, tai anaila, mbwa wako aliyekulinda miaka saba anaila. Na sheria ya wanyama pori ya mwaka 2019 iko wazi: mnyama wa pori ni mali ya serikali kwa niaba yetu sote, na kuna utaratibu wa kudai fidia akikudhuru. Muulizeni yule askari pale, yule anayejifanya anaangalia simu. Anajua fomu zilipo.

Bundi nilitaka kumruka lakini nimeona watu wawili wananong'ona. Wale wenye bundi darini, wanaoona vile vidonge vya manyoya na mifupa chini ya kizingiti: hayo hata si mavi, anatapika asichoweza kumeng'enya. Ponda kimoja utaona mafuvu ya panya. Bundi ndiye fundi wa bure wa ule mtambaapanya wako. Weka kipande cha karatasi ya plastiki chini, kila Jumamosi kiondoe. Mauti yamekuwapo kabla ya bundi.

Sasa niache maneno. Mwalimu mkuu amenionyesha paa la darasa la tatu, popo wanatokea pembe ya mashariki, na wavu ninao kwenye baiskeli. Mvua bado, nimepanda mchana nimesikiliza, sikusikia watoto. Saa kumi na mbili na nusu tukutane hapo, kila mtu na kiti chake. Watoto watahesabu kwa sauti wanapotoka, mmoja kulia, mmoja kushoto, kesho jioni tutalinganisha. Tukimaliza kuhesabu kila mtu aingie nyumbani moja kwa moja bila kupiga porojo njiani, maana ikifika saa moja na nusu mwenye njia naye atakuwa anapanda kutoka ziwani.